Istilahi ya "Zama za Kati" katika Utafiti wa Historia ya Unguja

UTANGULIZI

Makala haya yanahusu jina moja la kipindi na majina machache ya vitu vya kipindi hicho. Jina lenyewe ni "zama za kati". Tangu miaka ya 1980 wanafunzi wa shahada za juu, wa hapa petu na wa ng'ambo, wamekuwa wakichimba, wakipima na kusoma maandishi katika kisiwa cha Unguja ili kujua maisha ya wakazi wake kati ya karne ya 6 na ya 15. Tasnifu zao, kwa sehemu kubwa, zimeandikwa kwa Kiingereza na kuhifadhiwa katika maktaba za vyuo vikuu. Mwalimu anapotaka kuyafundisha yaliyomo, au ofisa anapotaka kuandika kibao cha kueleza magofu, kazi humwangukia mfasiri. Na neno la kwanza linalomsimamisha ni hilo la kipindi.

Nia yetu si kuwalaumu watafiti kwa lugha waliyoandikia, kwani kanuni za vyuo hawakuzitunga wao. Nia yetu ni kuonyesha kwamba istilahi ya historia ni zaidi ya kibandiko kinachobandikwa juu ya jambo lililokwisha kujulikana. Ni dai juu ya jambo hilo. Anayelitafsiri jina bila kulipima dai lake huwa amelikubali bila kujua. Kwa hiyo tutaeleza kwanza jina lilikotoka, kisha jinsi lilivyofika mwambao wetu, halafu tutatazama kazi za watafiti wachache na maneno ambayo kisiwa chenyewe kinayo tayari.

JINA LILIKOTOKA

"Zama za kati" ni jina lililozaliwa Ulaya. Wasomi wa Italia wa karne ya 14 na ya 15, ambao walitamani kuifufua elimu ya Warumi na Wayunani, walizitazama karne zilizowatenganisha na Roma ya kale kama kipindi cha kupita tu, mfano wa bonde lililo baina ya vilima viwili. Mwaka 1688 Mjerumani Christoph Cellarius alichapisha kitabu cha historia ya zama hizo za kati, kikiwa sehemu ya kazi yake iliyogawa historia katika mafungu matatu: ya kale, ya kati na mpya. Mgawanyo huo ndio uliorithiwa na shule za Ulaya na, baadaye, na shule zilizoanzishwa na Wazungu kwingineko.

Neno "kati", basi, lina maana pale tu panapokuwapo na ncha mbili. Kwa Ulaya ncha moja ni kuanguka kwa Roma, na ya pili ni kufufuka kwa elimu. Tukiuliza ncha za Unguja ni zipi, hatupati jibu jepesi. Wako wanaotaja kuja kwa Uislamu upande mmja na kufika kwa Wareno mwaka 1498 upande wa pili. Ncha ya pili inaweza kutetewa, maana Kilwa ilishambuliwa mwaka 1505 na biashara ya mwambao ikavurugika. Ncha ya kwanza ina shida. Unguja Ukuu, katika kusini ya kisiwa, palianza kukaliwa kama karne ya 6, yaani kabla ya Hijra. Kwa hiyo hata jina "kipindi cha Uislamu", ambalo baadhi ya waandishi wamelitumia badala ya "zama za kati", linawaacha nje wakazi wa mwanzo wa makao yaleyale tunayotaka kuyaeleza.

Katika madarasa yetu kuna shida nyingine iliyo karibu zaidi. Vitabu vya shule vimekwisha kuzoesha majina "Zama za Mawe za Kale", "Zama za Mawe za Kati" na "Zama za Mawe za Mwisho". Mwanafunzi anayesikia "zama za kati" aghalabu huyafikiria maelfu kwa maelfu ya miaka iliyopita, wakati wa zana za mawe. Katika kisiwa kimoja, na katika upande uleule wa kusini, lipo pango la Kuumbi ambamo zana za mawe zimefukuliwa, na upo msikiti wa Kizimkazi wa karne ya 12. Mwalimu akisema "zama za mawe" kwa pango na "zama za kati" kwa msikiti, mwanafunzi atakuwa na haki ya kudhani msikiti ni sehemu ya hesabu ileile.

JINSI JINA LILIVYOFIKA MWAMBAO

Wanahistoria wa mwambao walilikuta jina hili limekwisha tengenezwa. Mwaka 1962 G. S. P. Freeman-Grenville alichapisha kitabu kuhusu pwani ya Tanganyika ambacho jina lake kwa Kiingereza linaitaja historia hiyo kuwa ya zama za kati. Tegemeo lake moja kubwa lilikuwa tarikhi ya Kilwa, ambayo tunayo kwa njia mbili: muhtasari wa Kireno katika kazi ya João de Barros iliyotolewa mwaka 1552, na nakala ya Kiarabu ambayo Sir John Kirk aliipata Unguja katika karne ya 19 na ambayo sasa imo katika maktaba ya Uingereza. Jambo la kukumbuka hapa ni kwamba habari za Kilwa ya kale zilitufikia kwa sababu watu wa Mji Mkongwe waliona zafaa kunakiliwa. Kwao haikuwa habari ya "kati" ya kitu chochote. Ilikuwa tarikhi, yaani mfululizo wa watawala na miaka yao.

Neville Chittick, aliyefukua Kilwa na pia msikiti wa Kizimkazi, alipendelea kuieleza miji hii kwa biashara yake na dini yake. Mark Horton, ambaye tasnifu yake ya uzamivu ilikamilika Cambridge mwaka 1984, alitoka Shanga katika visiwa vya Lamu na kuendelea na utafiti Unguja, Tumbatu na Pemba. Felix Chami alitoa tasnifu yake Uppsala, Sweden, mwaka 1994, na jina lake linataja elfu ya kwanza ya miaka ya Masihia, si zama za kati. Abdurahman Juma alitoa tasnifu yake juu ya Unguja Ukuu katika chuo hichohicho mwaka 2004, naye alichagua kuzungumzia mwanzo wa maisha ya mji. Tunaona, basi, kwamba watafiti waliotoka nchini mwetu wenyewe walilikwepa jina hili mara kwa mara, pengine bila kusema kwamba wanalikwepa.

Jina hata hivyo halikufa. Mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha uchunguzi wa vinasaba vya watu 80 wa kale, waliozikwa katika miji ya mwambao kama Manda, Mtwapa, Kilwa na Songo Mnara pamoja na mahali pamoja pa bara, na kichwa cha makala hayo kiliwaita watu wa pwani ya Waswahili wa zama za kati. Magazeti ya nchi nyingi yaliitangaza habari hiyo. Hivyo swali la mfasiri limerudi, tena kwa haraka kuliko zamani.

VITU NA MAJINA YAKE

Tuyaache kidogo majina ya vipindi, tutazame majina ya vitu, kwani huko ndiko kunakoonekana wazi faida na hasara ya kila uchaguzi.

Mfano wa kwanza ni vyungu. Katika makao ya mwambao ya karne ya 7 hadi ya 10, Unguja Ukuu ikiwamo, hupatikana vigae vya vyungu vyenye mistari iliyokatwa kwa umbo la pembetatu chini ya shingo. Chittick, aliyeviona Kilwa, aliviweka katika fungu la vyombo vya mwanzo vya jikoni. Horton aliviita kwa jina la mto Tana wa Kenya. Chami aliviita kwa alama yake, yaani chale za pembetatu, akasisitiza kwamba vinatokana na ufinyanzi wa wafua chuma waliotangulia katika bara na pwani ya Tanzania. Vyungu ni vilevile, lakini jina la kwanza linavipeleka jikoni bila kuuliza vilitoka wapi, la pili linaelekeza kaskazini, na la tatu linabaki na kile ambacho jicho linakiona. Mfasiri akiandika "mapokeo ya Tana" ametia saini upande mmoja wa mabishano. Kiswahili kina neno "chale", ambalo kila mtu analijua kwa alama zinazochanjwa mwilini, nalo lafaa sana kwa mstari uliokatwa katika udongo mbichi. Tena mtafiti anayepanga vigae kwa umbo hana haja ya kubuni: chungu, kaango, mtungi, mkungu na chetezo ni majina ambayo wafinyanzi na wapishi wameyatenga kwa kazi ya kila chombo.

Mfano wa pili ni nafaka. Siku hizi mbegu zilizoungua huchekechwa kutoka katika udongo wa mahali pa kale, na hutueleza watu walikula nini. Kiingereza kina jina moja kubwa linalozikusanya nafaka ndogo kadhaa, na mtafiti hulazimika kuongeza kivumishi ili aeleweke. Kiswahili kimeshatenga mtama, uwele na wimbi, na kwa kunde kimeitenga choroko, au chooko kama isemwavyo Unguja. Kutafsiri jina lile kubwa kwa neno moja la Kiswahili ni kuipunguzia lugha yetu usahihi ilio nao. Tena tofauti hiyo ina uzito katika historia: uwele na mtama ni mazao ya Afrika, choroko na mpunga wa Asia vilikuja kwa njia ya bahari, na mabishano juu ya nani alisafiri na nani alipanda nini hukaa juu ya punje hizo.

Mfano wa tatu ni neno "tabaka". Mfukuaji hulitumia kwa maana ya kitanga cha udongo kilicho juu ya kingine. Msomi wa siasa na uchumi hulitumia kwa maana ya kundi la jamii. Sentensi kama "matabaka ya Unguja Ukuu yanaonyesha mabadiliko ya karne ya 9" yaweza kusomwa kwa njia mbili zilizo mbali kabisa, na zote mbili zikaleta maana. Hapa hatuhitaji neno jipya. Twahitaji nidhamu ya kuandika "tabaka la udongo" na "tabaka la jamii" kwa ukamilifu mpaka muktadha uwe wazi.

Mfano wa nne ni majengo. Maandishi ya Kikufi yaliyochongwa katika kibla cha msikiti wa Kizimkazi Dimbani yanataja mwezi wa Dhulkaada wa mwaka 500 wa Hijra, sawa na katikati ya mwaka 1107. S. Flury alichapisha usomaji wake mwaka 1922. Msikiti wenyewe ulijengwa upya kwa sehemu kubwa mwaka 1184 wa Hijra, yaani 1770 au 1771, na mpaka leo watu wanasali ndani yake. Mtafiti wa majengo hukuta kwamba mafundi wa Unguja wanayo majina ya karibu kila sehemu: kibla, shubaka, boriti, chokaa, tumbawe. Watu wa Lamu husema kidaka pale Unguja wanaposema shubaka, na tasnifu moja yaweza kuyataja yote mawili. Hata tarehe ile ina jina lake la nyumbani. Waswahili huihesabu miezi kuanzia Mfungo, na Dhulkaada kwao ni Mfunguo Pili. Mtu anayeandika "Mfunguo Pili wa mwaka 500" amesema jambo lilelile kwa hesabu ambayo wenyeji wa Kizimkazi hawahitaji kufasiriwa.

MANENO AMBAYO KISIWA KINAYO

Kisiwa cha Unguja kina namna yake ya kutaja ukale, nayo imo katika majina ya mahali. "Unguja Ukuu" ni Unguja iliyo kubwa na iliyotangulia. Kivumishi -kuu kinabeba maana zote mbili, kama tunavyosikia katika "nguo kuukuu". Pemba pana Mtambwe Mkuu, ambapo mwaka 1984 zilifukuliwa sarafu za fedha zaidi ya 2,000. Neno -kongwe nalo tunalo katika Ngome Kongwe na Mji Mkongwe. Ila hapa patazamwe vizuri. Mji Mkongwe, ulioingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, ni mkongwe kwa kulinganishwa na Ng'ambo. Nyumba zake nyingi zinazoonekana leo ni za karne ya 19. Mgeni anayetafsiriwa "mkongwe" pasipo maelezo hudhani amefika mahali pa kale kuliko pote kisiwani, na hapati sababu ya kwenda kusini.

Hali hiyohiyo imo katika maneno "mji" na "shamba". Kwa mazoea ya Unguja, mjini ni mahali pamoja tu, na kwingine kote ni shamba. Unguja Ukuu leo iko shamba. Lakini katika karne ya 8 na ya 9, vyombo kutoka Uajemi na Uchina vilipokuwa vikishushwa pwani yake, huko ndiko kulikokuwa mjini. Yaqut, aliyefariki mwaka 1229, aliandika kwamba watu wa kisiwa hiki walikuwa wamehamia Tumbatu. Mji ulihama, na neno lilihama pamoja nao.

Kwa mahali palipohamwa Kiswahili kina neno zuri ambalo watafiti wetu hawalitumii vya kutosha: hame, wingi wake mahame. Hame ni makao yaliyoachwa, hata kama juu ya ardhi hakuna kitu isipokuwa vigae na makombe ya bahari. Gofu ni jengo lililobaki kuta zake. Unguja Ukuu ni hame. Makutani, katika kisiwa cha Tumbatu, pana magofu. Kizimkazi Dimbani si hame wala si gofu, kwa kuwa msikiti unasaliwa. Katika Kiingereza cha watafiti mahali pote patatu huitwa kwa neno moja la jumla, na katika tafsiri tunazoziona pote huwa "eneo la kihistoria". Kwa kutumia maneno yetu mfasiri angemweleza msomaji mengi zaidi kwa silabi chache zaidi.

NASABA NA ASILI

Tumesema kwamba istilahi ni dai. Hakuna mahali ambapo jambo hili ni zito zaidi kuliko katika habari ya mwaka 2023 tuliyoitaja. Uchunguzi ule ulionyesha kwamba katika wengi wa watu waliochunguzwa, zaidi ya nusu ya urithi wao wa mwili ulitoka kwa mababu wa Kiafrika, hasa wa upande wa kike, na sehemu kubwa ilitoka Asia, hasa kwa wanaume wa Kiajemi. Na kwamba kuchanganyika huko kulianza kufikia mwaka 1000 hivi. Hakuna hata mmoja wa watu hao aliyetoka Unguja.

Mfasiri alikuwa na maneno matatu mbele yake: asili, nasaba na urithi. Akisema "asili ya Waswahili ni Uajemi na Afrika", msomaji husikia kwamba Uswahili wenyewe, pamoja na lugha na ada zake, ulitoka nje kwa nusu yake. Uchunguzi haukusema hivyo. Ulipima mifupa ya watu, haukupima lugha. Akisema "nasaba", amebaki katika ukoo na uzazi, ambako ndiko ushahidi uliko. Katika Unguja, ambako majina ya Mshirazi, Mwarabu na Mwafrika yamewahi kutumiwa kuwatenga watu katika siasa kabla na baada ya mwaka 1964, tofauti ya neno moja si jambo la wanafunzi wa lugha peke yao. Ofisa anayeandika taarifa na mwalimu anayesimama mbele ya darasa lenye watoto wa nasaba zote hizo wanapaswa kuijua.

MAPENDEKEZO

Mtaala mpya ulioanza Tanzania Bara mwaka 2024 umeweka somo la Historia ya Tanzania na Maadili katika shule za sekondari, nalo hufundishwa kwa Kiswahili. Haja ya istilahi, basi, imekwisha bisha hodi. Tunapendekeza yafuatayo yajadiliwe.

Kwanza, "zama za kati" libakie kwa historia ya Ulaya, na kwa kutafsiri majina ya vitabu na makala ambayo wenyewe wamelitumia. Kwa mwambao wetu, karne itajwe kwa hesabu yake, na penye maandishi yenye tarehe mwaka wa Hijra utangulie na wa Masihia ufuate. Pakihitajika jina la jumla, tunaleta "zama za miji ya mwambao". Tunajua litapingwa kwa hoja kwamba miji iliendelea kuwapo baada ya Wareno. Hoja hiyo ni ya haki. Lakini afadhali jina linalobishaniwa kwa sababu ya mambo ya hapa kuliko jina ambalo mabishano yake yalikwisha Ulaya mwaka 1688.

Pili, maneno haya yasanifiwe kwa maana zifuatazo:

Hame (ma-): makao ya watu yaliyohamwa, yawe na kuta zilizosimama au yasiwe nazo.

Gofu (ma-): jengo lililoachwa ambalo kuta zake, zote au baadhi, zingali zimesimama.

Chale: mistari ya nakshi iliyokatwa katika chombo cha udongo kabla ya kuchomwa.

Tabaka la udongo: kitanga kimoja cha udongo wa mahali palipofukuliwa, kinachotofautiana na kilicho juu na chini yake.

Shubaka (ma-), pia kidaka (vi-): uwazi usiotoboka uliojengwa katika ukuta kwa kuwekea vitu.

Nasaba: mfululizo wa uzazi wa mtu au watu, lisitumiwe "asili" pale ushahidi ulipo wa uzazi tu.

Tatu, kila tasnifu inayohusu historia ya visiwa vyetu, iwe imeandikwa kwa lugha gani, iandamane na ikisiri ya Kiswahili ya kurasa kadhaa pamoja na orodha ya istilahi alizotumia mtafiti. Ikisiri hiyo ipelekwe kwa mabaraza yetu ya lugha, Bara na Visiwani, na nakala yake ifike katika skuli iliyo karibu na mahali palipofukuliwa. Mwanafunzi wa uzamivu, ambaye jina lake lenyewe linatukumbusha kuzama, hushuka chini wasikofika wengine. Haki ya watu wa juu ni kuambiwa ameona nini, tena kwa maneno ambayo baadhi yake aliyakuta kwao.